Kiatu kuisha upande mmoja si kosa la fundi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako wa Igoma aliyelalamika hapa hivi karibuni kwamba sisi mafundi viatu wa Mwanza tunalipua kazi. Ushahidi wake ni viatu vya shule vya mwanawe. Anasema vilibadilishwa soli, na muhula haujaisha soli imelika upande wa nje, kisigino kimelala, ncha ya mbele imetoboka. Akamaliza kwa kusema fundi alimwekea mpira feki. Gazeti lako huwa nalisoma lote kabla sijalikunja kujazia viatu vya wateja, na barua ile niliirudia. Kisha nikamwambia jirani yangu anayeshona mabegi: huyu bwana aache kugombana na fundi, ampeleke mtoto akapimwe miguu, huenda ni ule ugonjwa wa kurithi wa mishipa ya fahamu.

Kijiwe changu kiko Kirumba, kwenye njia ya kushukia soko la samaki la Mwaloni. Mimi si daktari, na shule yangu iliishia darasa la saba. Lakini mpira naujua. Mpira mbovu huisha kote, au hupasuka, au hubanduka. Hauchagui upande. Soli ikichagua upande, aliyechagua ni mguu. Nifafanue hapa, wasije wasomaji wakaanza kupindua viatu vyao kwa hofu: karibu kila mtu hula kidogo pembe ya nje ya kisigino, nyuma kabisa, na hiyo ndiyo kawaida ya kutembea. Ninachokisemea ni kiatu kilicholika ukingo wote wa nje, tangu kisigino hadi kidole kidogo, huku upande wa ndani michirizi ya kiwandani bado inasomeka, na ncha imekwanguka kwa kuburuzwa. Tena viatu vyote viwili. Ukikutana na kiatu cha namna hiyo, swali la kwanza ni viatu vya baba yake na mama yake vikoje.

Swali hilo nilifundishwa na mama mmoja anayeuza dagaa hapo Mwaloni. Alikuwa mteja wangu wa kudumu kwa sababu isiyopendeza: hakuna kiatu kilichomdumu. Masika moja aliniletea raba za mtumba nizibane, maana zilikuwa zinamvuka. Nikaingiza mkono ndani kupima nafasi, nikachomwa. Msumari mwembamba ulikuwa umechungulia kutoka kwenye soli, na kitambaa cha ndani kilikuwa kimekakamaa kwa damu iliyokauka.

"Mama, hiki hakikuumi?"

"Kipi, fundi?"

Akavua ndala aliyokuwa nayo, akageuza unyayo. Kidonda kilikuwepo, chini ya shina la kidole gumba, kimezungukwa na sugu nene ya manjano. Alikuwa ameshinda nacho sokoni, ametembea nacho kupanda na kushuka mawe ya kwao Mabatini, na hana habari. Nikautazama mguu vizuri kwa mara ya kwanza. Upinde wa unyayo ulikuwa umepanda juu kiasi kwamba katikati ya unyayo hapakugusa chini hata aliposimama. Vidole vyote vimejikunja, na juu ya kila kifundo cha kidole pana mchubuko wa kiatu. Kisigino kimepinda kuelekea ndani. Muundi ni mwembamba, nyama imekwisha, ingawa mapaja yake ni ya mwanamke mwenye afya.

Nikamuuliza kama alizaliwa hivyo. Akacheka. "Hii ni miguu ya kwetu, fundi. Baba alikuwa nayo. Kaka yangu yuko Ukerewe anayo, na mwanangu wa darasa la tano naona naye ameanza." Huyo kaka ni mvuvi, na siku hizi nyavu zake zinashonwa na watu wengine kwa kuwa vidole vyake haviwezi tena kuibana sindano. Ukoo huo walishaambiwa kila kitu. Mganga aliwaambia kuna tambiko la bibi halikufanyika. Kwenye zahanati moja waliambiwa ni polio. Shuleni mtoto anaitwa mvivu, kwa sababu kwenye mchakamchaka huwa wa mwisho na huanguka mahali pasipo na shimo wala jiwe.

Bahati nzuri kuna kijana ambaye huwa ananiletea viatu vya wagonjwa wake nivipanue. Amesomea utengenezaji wa miguu bandia na vifaa vya kushikilia viungo kule Moshi, kwenye chuo cha TATCOT kilicho katika hospitali ya KCMC tangu mwaka 1981. Nilimwomba apite kijiweni siku ambayo mama yule angekuja na mwanawe. Mengi ninayoandika hapa nimeyapata kwake, na daktari bingwa wa mifupa aliyewaona baadaye hakusema tofauti.

Ugonjwa wenyewe unaitwa Charcot-Marie-Tooth. Ni majina ya madaktari watatu walioueleza mwaka 1886: Jean-Martin Charcot na Pierre Marie wa Ufaransa, na Howard Henry Tooth wa Uingereza. Hauambukizi. Ni wa kurithi, na kinachoharibika ni mishipa ya fahamu, yaani neva. Kwa wengine ni utando unaoifunika, kwa wengine ni uzi wenyewe wa ndani. Neva ndefu kuliko zote mwilini ni zile zinazotoka kiunoni mpaka kwenye vidole vya miguu, kwa hiyo miguu ndiyo hutangulia kuumia na mikono hufuata baada ya miaka. Wengi huanza kuonyesha dalili utotoni au ujanani, polepole, bila homa wala siku ambayo mtu anaweza kusema "ilianza leo". Kwa walio wengi haufupishi maisha. Unafupisha mwendo.

Sasa kwa nini mguu ujipinde, badala ya kulegea tu? Kijana yule alichukua katambuga mezani kwangu akakaza kanda ya upande mmoja na kuilegeza ya upande wa pili, soli yote ikajinyonga mikononi mwake. Mguu nao unashikwa pande zote na kano, yaani kamba zinazounganisha misuli na mifupa, na ugonjwa huu haudhoofishi misuli yote kwa pamoja. Msuli wa mbele ya muundi, unaoinua mguu, hulegea mapema. Hapo ncha ya kiatu huanza kuburuzwa, na mtu hujizoeza kunyanyua goti juu sana ili asijikwae. Msuli mfupi wa upande wa nje nao huishiwa nguvu. Lakini mrefu wa upande huo huo, ambao kano yake hupita chini ya unyayo na kuvuta shina la kidole gumba kwenda chini, hubaki na nguvu muda mrefu zaidi. Na ule unaovuta mguu kwa ndani nao bado upo kazini. Wenye nguvu wanawashinda wasio na nguvu, mwaka baada ya mwaka. Shina la kidole gumba linashuka, upinde unapanda, kisigino kinageukia ndani, uzito wote wa mtu unahamia ukingo wa nje. Misuli midogo iliyo ndani ya unyayo nayo ikifa, vidole vinajikunja. Soli za mama yule zilikuwa zimeyaandika hayo yote muda mrefu kabla ya daktari yeyote.

Upimaji wake karibu wote ulifanyika pale pale kwenye benchi langu na kwenye kibaraza cha duka la jirani. Mtoto aliambiwa atembee kwa visigino. Akashindwa, vidole vilikuwa vinagusa chini kila hatua. Atembee kwa ncha za vidole; akaweza. Asimame mguu mmoja; akayumba. Afumbe macho huku amekanyaga kwa miguu yote miwili. Akayumba zaidi, kwa sababu unyayo haukumwambia yuko wapi. Kijana akashika mikono yake, akabonyeza nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada kuona kama imeanza kupungua. Akatazama na mgongo, maana baadhi yao uti wa mgongo hupinda. Hospitali huongeza nyundo ya kugonga kano ya kisigino, chuma kinachotetemeshwa na kuwekwa kwenye kifundo ili kujua kama mgonjwa anasikia mtetemo, picha za eksirei mtu akiwa amesimama, na mashine inayopima kasi ya umeme kwenye neva.

Kipimo kilichonikamata mimi ni cha ubao. Nilikata kipande cha mbao mwenyewe kutoka mabaki ya seremala, unene wa sentimita 2.5 hivi, nikakipiga msasa. Mtoto akasimamisha kisigino na ukingo wa nje wa mguu juu ya ubao, na upande wa kidole gumba ukaachwa nje ya ubao ushuke mpaka sakafuni. Sisi tukachuchumaa nyuma yake. Kisigino kilichokuwa kimepinda kikanyooka mbele ya macho yetu. Tukamsimamisha mama yake vile vile. Cha kwake hakikusogea.

Kipimo hicho kinaitwa kwa jina la Sherman Coleman, daktari wa mifupa wa Marekani, aliyekieleza pamoja na mwenzake mwaka 1977. Maana yake ni hii: kwa mtoto, kisigino bado ni laini, kinachokipinda ni shina la kidole gumba lililoshuka mbele, ukiliondolea shina hilo sakafu, kisigino kinarudi mahali pake. Kwa mama, viungo vyenyewe vimekwishakakamaa katika upinde huo. Ugonjwa ule ule, damu ile ile, lakini matibabu mawili tofauti kabisa, na kilichowatenganisha ni miaka ambayo mama alikuwa anabadilishiwa soli badala ya kupimwa. Mhariri, barua yangu ni ndefu, ukitaka kukata kata kwingine, ila hapa usikate.

Mguu ambao bado unanyooka ndiyo kazi yetu sisi mafundi tukishirikiana na watu wa vifaa. Na hapa niwaseme wenzangu. Fundi akiona upinde wa unyayo umepanda, mkono wake unakimbilia sponji akaujaze ule upenyo. Kwa mguu huu ni vibaya. Ukiinua upande wa ndani unamsukuma mtu aangukie nje, ambako tayari anaanguka. Soli ya ndani ya mguu huu inainuliwa ukingo wa nje, kisha chini ya shina la kidole gumba inachongwa kishimo, kidole kizame kidogo, ule ujanja wa ubao ufanyike ndani ya kiatu siku nzima. Juu yake unaweka sponji laini isiyo na mshono. Kiatu chenyewe kiwe cha kufunga kamba, kipana mbele na chenye nafasi juu ya vidole vilivyokunjika, kisigino kigumu cha kushika, na soli iliyotokeza kidogo upande wa nje ili mtu asipinduke. Kandambili ziachwe. Joto la Mwanza nalijua, na bei ya viatu naijua kuliko wengi, lakini vidole visivyo na nguvu haviwezi kushika kandambili, na unyayo usiosikia msumari hauwezi kutembea wazi. Kabla ya kuvaa, mkono uingie kwanza kwenye kiatu. Jioni unyayo utazamwe, na asiyeweza kuinama aweke kioo chini.

Mguu ukiwa umeanza kudondoka, soli ya ndani peke yake haitoshi. Unatengenezewa kifaa cha plastiki kwa kuuchukua mguu umbo kwa plasta. Plastiki inalainishwa kwa moto na kuvikwa kwenye umbo hilo. Kinapita chini ya unyayo, kinapanda nyuma ya shavu la mguu, kinafungwa chini ya goti. Mtoto wa mama yule alipovaa cha kwake kwa mara ya kwanza alitembea hadi kwa muuza matunda na kurudi bila kugonga ncha, akarudia tena, akatuacha tunamwangalia. Lakini hakuna aliyemwambia mama kwamba kiatu cha mtoto hakitaingia juu ya kifaa. Mguu wenye kifaa unataka kiatu kikubwa kuliko kile cha kawaida, na aliye na kifaa mguu mmoja anatakiwa anunue jozi mbili za mtumba ili apate moja ya kuvaa. Mimi napanua, naongeza ulimi, napasua nyuma na kushona upya. Halafu mtoto anakua. Kifaa kilichomtosha kikianza kumbana kinamchubua, na kwenye ngozi isiyosikia mchubuko unakuwa kidonda kabla hajalalamika.

Pamoja na hayo yapo mazoezi: kano ya nyuma ya kisigino inyooshwe kila siku taratibu, maana ikifupika mguu haurudi juu hata ukivutwa, na misuli iliyobaki ifanyishwe kazi bila kuchoshwa. Hayo mtaalamu wa mazoezi ya viungo huyafundisha vizuri kuliko mimi.

Upasuaji nausimulia kama mama alivyochorewa na daktari kwenye karatasi, karatasi ambayo alinionyesha. Mguu ulio laini, daktari anaweza kulegeza utando mgumu wa chini ya unyayo, akakata mfupa ulio nyuma ya kidole gumba na kuupandisha, akasogeza mfupa wa kisigino kwenda nje kama ubao ulionyesha kwamba hakinyooki vya kutosha. Kubwa zaidi, ile kano inayovuta mguu kwa ndani huhamishiwa juu ya mguu, ikaacha kupotosha na kuanza kuinua. Nilipenda akili ya jambo hilo. Kukata mifupa na kuziacha kano zile zile zikivuta vile vile ni kumwalika mgonjwa arudi. Kwa mguu uliokakamaa kinachobaki mara nyingi ni kugandisha viungo vya chini ya kifundo vikae katika hali iliyonyooka. Mtu anakanyaga unyayo wote, lakini mzigo unahamia kifundo cha juu, na baada ya miaka kinaweza kuanza kuuma. Na hata upasuaji ukienda vizuri, neva zinaendelea na safari yake. Mpaka leo hakuna dawa inayosimamisha ugonjwa wenyewe. Anayewauzia watu dawa ya chupa kwa ajili ya miguu hii anawaibia, na wako wengi stendi.

Lazima niseme pia si kila mguu wa namna hii ni ugonjwa huu. Polio huja ghafla na homa, mara nyingi hukamata mguu mmoja zaidi, na aliyeupata anasikia ukimgusa. Watu wa kanda hii wenye umri wanakumbuka konzo ya Tarime mwaka 1985, ya mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha; ile hukaza miguu kwa ghafla na haiendelei kupanda. Kisukari huua hisia za unyayo. Ukoma nao huangusha mguu na kunenepesha neva, na una dawa inayoponya, kwa hiyo ni kosa kubwa kuupita. Na mguu mmoja tu ukipinda, wa pili ukiwa mzima, madaktari huhangaika na uti wa mgongo kwanza. Ndiyo maana msomaji wa Igoma simwambii mwanawe ana nini. Namwambia avue viatu vyake mwenyewe, vya mama mtoto na vya wadogo zake, avipange sakafuni, avitazame kwa nyuma.

Habari ya kurithi inaumiza ndoa za watu. Aina iliyo ya kawaida zaidi inatokana na kipande cha kromosomu (uzi wa urithi ndani ya seli) ya 17 kujirudia, jambo lililogunduliwa mwaka 1991. Mzazi akiwa nayo, baba au mama, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata, na haijalishi waliotangulia kuzaliwa waliipata au la. Zipo aina nyingine ambazo lazima zitoke kwa wazazi wote wawili ingawa wao wenyewe hawaumwi. Ukoo mmoja unaweza kuwa na babu anayetumia fimbo na mjukuu mwenye upinde wa juu tu na vidole vilivyoanza kukunjika. Sasa njoo usikie wanavyosema mitaani: mwanamke kaleta mkosi. Baba wa mama yule ndiye aliyekuwa na miguu hiyo, lakini lawama ameibeba yeye, na mumewe aliondoka. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 1974, ambao hesabu yake hutajwa mpaka leo, ulikuta mtu 1 katika kila 2,500. Si mkosi wa nyumba moja.

Kuna jambo jingine ambalo kijana wa vifaa alilisema kwa kupita tu, na mimi naliona ni zito. Kanda hii ya ziwa tunaijua saratani ya Burkitt, ile inayovimbisha taya za watoto. Mojawapo ya dawa zake ni vinkristini, nayo huumiza neva. Kwa mwenye Charcot-Marie-Tooth inaweza kumlegeza vibaya sana ndani ya muda mfupi. Mzazi ambaye mtoto wake ana miguu hii, au mwenye ndugu wenye miguu hii, amwambie daktari kabla ya dozi ya kwanza. Hawezi kusema kama hakuna aliyemwambia ugonjwa wa kwao una jina.

Ninachoomba si kikubwa. Mhudumu wa zahanati anapoletewa mtoto anayejikwaa ovyo, avue viatu vya mtoto na vya mzazi aliyemleta, apindue soli, amwambie mtoto atembee kwa visigino. Haichukui muda wa kuandika cheti. Walimu wa michezo waache kiboko kwa mtoto anayeanguka kila mara. Mtoto anayetembea akinyanyua magoti barabarani kweupe hafanyi mzaha. Akipatikana mmoja, ukoo mzima uitwe, wadogo kwanza, maana wao ndio visigino vyao bado vinanyooka. Rufaa yetu sote ni hospitali ya Bugando, na wa Sengerema sasa wana daraja la Kigongo–Busisi, hawasubiri kivuko. Lakini mtoto wa Ukerewe anayehitaji kifaa kipya kila anapokua anapanda meli kutoka Nansio kwa ajili ya kubadilishiwa plastiki. Watu wa vifaa wangepangiwa siku za kwenda huko, wakabeba plasta wakachukua maumbo, wakarudi na vifaa vilivyokamilika, wazazi wengi wasingekata tamaa katikati.

Na viatu. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wanaopanga kitita cha matibabu nawaomba wakumbuke kwamba kwa mgonjwa huyu kiatu kilichochongwa ndani ni tiba sawa na kidonge. Bei ya soli za ndani ninazochonga ni ndogo mno ukilinganisha na kitanda cha mgonjwa mwenye kidonda kilichofika mfupani. Mama wa dagaa alilipia kwa mafungu, siku ya soko zuri nyingi, siku ya upepo kidogo. Wako wanaoshindwa hata hivyo, wanaondoka na kandambili.

Mafundi wenzangu wa Kirumba, Mabatini, Buhongwa na Nyegezi: mkiletewa soli ya namna niliyoieleza msimuuzie mtu soli nyingine kimya kimya. Muulizeni ndugu zake. Ubao wa kupimia ninao kijiweni, anayetaka kuiga kipimo chake aje na futi kamba yake. Soli ya ndani nitamwonyesha inavyochongwa bila kumdai. Na mzazi anayetaka kuniletea viatu vya mtoto nivitazame, alete vile alivyovaa muhula mzima, vichafu vile vile. Wengi wananiletea vipya.

Fundi Viatu
Kirumba, Mwanza